Mama anaulizwa maswali ya NIDA na majibu yake hayakubali. Tunaonaje kilichoandikwa kule ndani?

BintiMvumi (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo huku Ipagala, Dodoma mjini: kopi, kuprinti, kuskani, kuombea watu vyuo na mikopo, mambo hayo. Mifumo ya serikali naikodolea macho kutwa nzima, siyo mgeni nayo. Ila hili limenishinda, na linamhusu mama yangu mzazi.

Mama yuko Mvumi, wilaya ya Chamwino. Anakamua alizeti na wenzake, mashine wanayo, sasa wanataka kusajili jina la biashara ili wauze mafuta yenye lebo badala ya kuyamimina kwenye madumu ya wachuuzi. Wamekubaliana yeye ndiye aandikwe. Nikamfungulia akaunti, nikaweka namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mfumo ukataka ajibu maswali ili athibitishe kwamba ni yeye. Mnayajua: jina la mwisho la mama, shule ya msingi uliyosoma, mahali ulipozaliwa.

Mama yangu hajawahi kukaa darasani. Alichunga mbuzi mpaka akaolewa. Kusoma anakojua alikupata kwenye kisomo cha watu wazima, akiwa na watoto tayari. Mfumo unamng'ang'aniza ataje shule. Akaniambia, "Andika hakuna." Nikaandika hakuna, ikagoma. Maana yake kule ndani kuna shule imeandikwa!

La kuzaliwa ndiyo vurugu zaidi. Alizaliwa kwenye maboma ya zamani, mbali na hapa wanapoishi. Mwaka 1971 ilipokuja Operesheni ya kuhamishia watu vijijini huku kwetu, yeye alikuwa anabebwa mgongoni. Yale maboma leo ni mashamba ya watu na mibuyu. Wilaya ya Chamwino yenyewe haikuwepo, ilikuwa Dodoma Vijijini. Halafu Mvumi zenyewe ni mbili, Mvumi Misheni na Mvumi Makulu. Tarehe ya kuzaliwa alipewa 1 Julai 1968, hiyo naijua kwa sababu namba yake ya NIDA inaanza na 19680701. Ila mahali alipoandikiwa sijui mimi, na mama hajui.

Fomu haikujazwa na mama wala na mimi. Ilikuwa ile purukushani ya kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho 31 Desemba 2019, ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Watu walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa shule ambako usajili ulikuwa unafanyika, na pembeni kulikuwa na kijana mwenye kibao na kalamu anawajazia watu fomu kwa hela. Mama alimtajia majina. Mengine kijana akajiongeza mwenyewe, nafasi zote zikajaa ili fomu isirudishwe. Alama za vidole nazo ni kipengele. Dole gumba la kulia limelika kwa jembe, leo mashine inasoma, kesho haisomi. Kwa hiyo hayo maswali ndiyo njia iliyobaki.

Sasa swali. Mwananchi ana haki ya KUONYESHWA kila kilichoandikwa juu yake? Sijafika kwenye kurekebisha, nasema kuona. Na mimi binti yake naweza kumwombea, au lazima aje mwenyewe? Nauli ipo, tatizo ni magoti yake. Dirisha moja nililouliza niliambiwa, "Leta unachotaka kirekebishwe." Nitaletaje kitu ambacho sijakiona? Ni kama kuulizwa kilichomo kwenye sanduku na ufunguo kaushika anayeuliza.

ChaliiAreaC

Dada unajichosha. Toa ya soda, kuna vijana wanapiga picha skrini dakika mbili unaondoka. Au chukua majina ya shule zote za Chamwino, ingiza moja moja, utaotea.

BintiMvumi

Kaka, mtu akimfungua mama yangu kwa siri kwa sababu nimempa elfu kumi, kesho akija mwingine na elfu ishirini? Sitaki. Na kuotea nishaona wateja wakifungiwa.

MzeeNkuhungu

Mbukwenyi wana jukwaa.

Nimekuwa mtendaji wa kata, sasa nimestaafu, nalima zabibu kidogo. Binti, kwanza tenganisha madaftari, maana watu wanachanganya. Kijijini kwenu kuna rejesta ya wakazi, anayo mtendaji wa kijiji: kaya, nani anaishi humo, nani kahamia. Hiyo mama yako akienda kwa heshima ataonyeshwa ukurasa wa kaya yake palepale. RITA wana vizazi na vifo. Tume ya Uchaguzi wana daftari la wapiga kura. NIDA ndiyo hiyo iliyokukwamisha.

Angalia tofauti. Daftari la awali la wapiga kura hubandikwa ukutani, kila mtu anakuja na miwani yake anasoma jina lake, akikuta limekosewa anasema. Nimesimamia hilo, na nakwambia makosa yanaonekana siku ileile kwa sababu macho ni mengi. Ya NIDA huwezi kuyabandika, humo kuna alama za vidole, wazazi, simu, kila kitu. Sipingi kufichwa kwake kwa majirani. Ila kumficha mwenye taarifa ndiyo kitu cha ajabu.

Sasa la kufanya. Ile Fomu 1A haikwenda moja kwa moja, ilipita serikali ya kijiji ikagongwa muhuri. Mwulizeni mtendaji kama alibaki na orodha au kumbukumbu yoyote ya kipindi kile. Watendaji wa zamani tulikuwa na madaftari yetu. Usitegemee sana lakini uliza.

Pili, wakati mnasubiri, mama apige *106# kwenye simu yake aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hiyo haihitaji barua. Fomu iliyopita mikononi mwa kijana wa pembeni haishindwi kuzaa laini ya mtu mwingine. Mkikuta namba msiyoijua, msikae nayo.

Tatu, usimwache mama nyumbani. Aende.

BintiMvumi

Shikamoo mzee, na asante sana. *106# nitamfanyia nikienda Jumamosi. Ila mzee, akifika pale dirishani aseme nini? Mama yangu akiona kompyuta anakubali kila anachoambiwa.

MzeeNkuhungu

Marahaba mwanangu. Asiseme, apeleke barua. Ofisi ya serikali inasikia karatasi. Nakala mbili, moja inabaki masijala, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa unarudi nayo. Bila huo muhuri hujapeleka kitu. Namna ya kuiandika waulize hao vijana wa sheria, wamo humu.

Sheria_UDOM

Tumo mzee, shikamoo.

Dada, jibu fupi: ndiyo, ana haki ya kuona. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inazishika taasisi za umma na za watu binafsi, si kampuni za simu tu kama wengi wanavyodhani. Kwa lugha ya sheria hiyo mama yako ni "mhusika wa taarifa" na anayezishika ni "mkusanyaji". Mhusika anaweza kumuuliza mkusanyaji: je, mnazo taarifa zangu? Ni zipi? Mnazitumia kwa kazi gani? Na mnampa nani? Hilo la mwisho watu hulisahau. Mama haombi shule tu, anaweza kuomba kujua aina ya wanaopelekewa taarifa zake.

Usichanganye na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ile ni ya kuomba taarifa za ofisi, mikataba, ripoti, na taarifa binafsi za mtu ni moja ya vitu ambavyo ofisi inaruhusiwa kuvizuia. Nimeona watu wanaandika barua kwa kutumia ile, wanajibiwa "taarifa binafsi hazitolewi", wanarudi nyumbani wamenuna. Walishika sheria siyo.

Ina mipaka, sikufichi. Mambo ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa yana msamaha wake, na taarifa zinazomfichua mtu mwingine zinaweza kuzuiwa. Lakini shule ya msingi ya mama yako haina siri ya taifa ndani yake.

Kuhusu kumwombea: ni mtu mzima mwenye akili timamu, kwa hiyo mwombaji ni yeye. Wewe mwandikie, msindikize, yeye aweke saini au dole. Kuna hati ya uwakilishi kwa wakili, ila kwa jambo hili naona ni kupoteza hela, na dirishani watamtaka yeye tu ili wajue ni yeye.

Barua iwe fupi. Kwa Mkurugenzi Mkuu, kupitia kwa Afisa Usajili wa Wilaya. YAH: MAOMBI YA KUPATIWA TAARIFA ZANGU BINAFSI ZILIZOMO KWENYE DAFTARI LA UTAMBULISHO. Jina, namba ya NIDA, simu. Halafu: kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 naomba kuonyeshwa taarifa zote zinazonihusu kama zilivyoandikwa, zikiwemo za elimu, wazazi na mahali pa kuzaliwa, chanzo chake, pamoja na taasisi au aina ya taasisi zinazopokea taarifa hizo. Basi. Usianze kusimulia kijana wa kibao wala Operesheni, wala usiombe marekebisho kwenye barua hiyohiyo. Ukichanganya, watashughulikia marekebisho na la kuona litafia hapo.

Mkikaliwa kimya au mkakataliwa bila sababu, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Rais Samia aliizindua Aprili 2024, na inapokea malalamiko ya wananchi. Ila hatua hiyo isiwe ya kwanza.

Nje ya mada kidogo: Estonia mwananchi anaingia kwenye lango la serikali kwa kitambulisho chake na kuona taasisi ipi imefungua taarifa zake kwenye daftari la wakazi na lini. Daktari au polisi akichungulia bila kazi, alama inabaki. Sisi tunaye ChaliiAreaC na picha ya skrini.

ChaliiAreaC

Hahaha, nimekaa kimya mkuu.

MrangiKondoa

Sisi Kondoa tulikuwa na kesi ya mke wangu, ni mwalimu. Cheti cha kuzaliwa Khadija, vyeti vya shule Hadija, NIDA wameandika Hadja. Tulipofika, afisa wa zamu alikuwa mama mmoja mstaarabu kweli. Hakutupa karatasi, ila aligeuza kioo cha kompyuta kikatuelekea, akamwambia mke wangu asome mwenyewe mstari kwa mstari, na kila penye kosa aseme. Tukakuta na tarafa imekosewa, hata hatukuwa na habari. Tungepeleka la jina tu tungerudi tena mwaka wa pili.

Kwa hiyo dada, hata wakisema karatasi hawatoi, omba kusomewa au kusoma. Nenda na daftari la kawaida, nakili kwa mkono palepale, andika na tarehe. Na mama asome KILA kitu, asisome shule peke yake.

Kidokezo: nenda katikati ya wiki asubuhi. Mwisho wa mwezi na siku za kufungua vyuo usiguse.

Sheria_UDOM

Ushauri mzuri huo wa kusoma kila mstari.

Dada BintiMvumi, niulize jambo bila kukukwaza. Steshenari yako. Watu wanakuachia kopi za vitambulisho, wanakutumia picha za vyeti WhatsApp, unaskani, unaweka kwenye kompyuta. Hizo ni taarifa binafsi, na sheria ileile unayoitumia kumdai mkubwa inakuangalia na wewe. Inasema wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume. Faili za wateja zinakaa wapi jioni?

BintiMvumi

Hujanikwaza, ila umenichokoza. Mimi jioni nikifunga hesabu nafuta folda ya siku, na kopi zilizoharibika nachana vipande, sifungii maandazi. Njoo Ipagala uone. Wapo ambao kompyuta zao zina vitambulisho vya tangu wafungue duka, na mteja mpya akichomeka flashi anaviona vyote. Ungewauliza hao. La kujisajili nalichukua, nitalifuatilia, maana sijawahi kusikia mtu wa steshenari akiambiwa.

Nimeshaandika barua. Mama kaweka saini mwenyewe, kaandika jina lake lote polepole akinikataza nisimshikie karatasi. *106# imetoa laini mbili, zote zake. Hapo nimepumua.

MamaZuu_Mpwapwa

Mimi nina swali la kizembe, hivi *152*00# haiwezi kumwonyesha hayo?

BintiMvumi

Hapana dada, ile ni ya kumsaidia mtu kujua namba yake ya NIDA na huduma nyingine za serikali. Wateja wangu huja wakidhani inafungua faili lote.

BintiMvumi (mrejesho)

Wakuu, niliahidi mrejesho.

Barua ilipokelewa, nakala yetu ikagongwa muhuri. Yule wa kwanza dirishani alitaka kuturudisha, akasema tuandike tunachotaka kirekebishwe. Mama, ambaye nilidhani atanyamaza, akamsogezea karatasi akamwambia, "Mwanangu, soma hapo panaposema kuona." Tukaitwa ndani, afisa mwingine. Karatasi hakutoa, alisema jibu la maandishi litakuja kwa njia ya barua, lakini alikubali mama asome kwenye kompyuta. Nikanakili kwenye daftari kama alivyosema kaka wa Kondoa.

Haya sasa. Shule ya msingi iliyoandikwa ni ileile ambayo usajili ulifanyika uwanjani kwake. Kijana wa kibao aliinua macho, akasoma ubao wa jina la shule getini, akaandika! Mama alicheka mpaka afisa naye akacheka.

Jina la mwisho la bibi: sisi tulikuwa tunaweka jina la baba yake bibi, mle wameweka jina la babu, yaani mumewe. Mahali pa kuzaliwa ni Mvumi Makulu, wakati anaishi Mvumi Misheni na alizaliwa kwenye maboma ambayo hayapo. Namba ya simu ni ya zamani, ilishakufa. Hali ya ndoa wameandika hajaolewa. Mama ana watoto sita na alifunga ndoa kanisani. Hilo halikuwa hata kwenye maswali, tusingelijua kamwe.

Kuhusu nani anapewa taarifa zake, afisa alisema atalipeleka juu, tusubiri barua. Nasubiri kweli, hiyo ndiyo naitaka kuliko zote.

Sasa mama amekuja na lake. Anasema ndoa irekebishwe, simu irekebishwe, lakini shule iachwe. "Waache tu, nimesomeshwa bila kuchapwa fimbo." Na ukiangalia, sasa tunalijua jibu, mfumo utakubali, jina la biashara tunasajili hata kesho. Sheria_UDOM, hilo linawezekana?

Sheria_UDOM

Mpe mama hongera zangu kwa kuwa na shule. Ila hapana, dada. Mpaka juzi lilikuwa kosa la aliyejaza fomu. Akishaliona akaendelea kulijibu kama lake kwenye mfumo wa serikali, ni yeye sasa anayetoa taarifa ya uongo kwa kujua, na Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu, Sura ya 36, inalihesabu hilo kuwa kosa. Halafu fikiria mbele: siku akifuatilia mirathi au hati ya kiwanja, mtu atauliza cheti cha shule hiyo. Iondolewe. Peleka barua ya pili, hii sasa ya marekebisho, yote kwa pamoja.

MzeeNkuhungu

Sikiliza kijana. Na mahali pa kuzaliwa msibuni kwa mara ya pili. Mtendaji wa kijiji aandike kwamba maboma yale yako ndani ya kata gani kwa mipaka ya leo, wazee wapo wanaojua, wamtafute mmoja aliyekuwa mtu mzima mwaka 1971 asaini kama shahidi. Hiyo barua iambatane na kiapo.

BintiMvumi

Mzee, kiapo tunaapa mahakamani au kwa wakili?

MzeeNkuhungu

Kokote kati ya hizo, mradi kina muhuri. Wakili ni haraka zaidi. Kabla mama hajaweka saini msomee kwa Kigogo, maana hivyo viapo wanavitoa kwenye kompyuta wakibadilisha majina tu, unaweza kukuta kaapa yeye ni mwanaume wa Singida.

BintiMvumi

Sawa mzee, nitamsomea. Wenzake kwenye mashine wamekubali kusubiri, alizeti yenyewe bado iko shambani.